Ganda, nyama, kokwa: mwongozo kamili wa kuandaa matunda pori ya Nyanda za Juu Kusini

Siku hizi kila tunda pori lina sifa ya kuua bakteria. Ubuyu unaua bakteria, ukwaju unaua bakteria, zambarau mwitu, mbura, matonga, yote yanaua bakteria. Anayeuza atakwambia hivyo, na ujumbe wa simu unaozunguka kwenye magrupu utakwambia hivyo kwa herufi kubwa. Mengi ya madai haya yana chembe ya ukweli ndani yake. Kinachoachwa ni nusu ya pili: kemikali inayomsumbua bakteria mara nyingi ndiyo hiyohiyo inayoiba madini kwenye chakula cha anayekula.

Chukua tanini, ile inayokausha ulimi ukiuma mbura changa. Tanini hunasa protini na kuzikunjakunja, hushika ukuta wa bakteria, na hunyakua madini ya chuma ambayo bakteria anayahitaji ili azaane. Ikishuka tumboni mwako haibadilishi tabia. Inanasa protini ya maharage uliyokula, inashika vimeng'enya vya kusaga chakula, na inanyakua chuma kabla utumbo haujakifyonza. Fitati, iliyojaa kwenye mbegu na kokwa, hushika chuma, zinki na kalsiamu. Oksalati hushika kalsiamu, na kwa baadhi ya watu huishia kuwa vijiwe vya figo. Saponini hutoa povu na uchungu, na zikizidi huchokoza utumbo.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 uliikuta Iringa ikiongoza nchini kwa udumavu, takriban watoto 57 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano, na Njombe kama 50, wakati wastani wa nchi ulikuwa 30. Mikoa yenye mahindi, viazi, maharage na parachichi tele! Matunda pori yanaweza kusaidia sana, hasa kwa vitamini C. Yanaweza pia kuongeza tatizo kama yataandaliwa ovyo. Mwongozo huu ni wa mama na baba wa nyumbani, wa kikundi kinachotengeneza juisi na jamu, na wa mwanafunzi anayetaka kupima kitu maabara. Kila mmoja achukue hatua zinazomhusu.

Hatua ya 1: Kuwa na uhakika na mti

Usianze na tunda, anza na mti. Tazama jani, gome, ua na mahali ulipoota, kisha muulize mzee wa eneo hilo na si mpita njia. Majina yanapotosha: jina moja la Kihehe linaweza kuwa la mti mwingine kabisa kwa Kinyakyusa au Kibena, na ndiyo maana nitataja jina la kisayansi pale penye utata.

Miti mnayoweza kuikuta kwa wingi ni hii. Kwenye miombo kuna mkusu, Uapaca kirkiana. Mbura, Parinari curatellifolia, ambao Iringa wengi huuita msaula. Mtonga, Strychnos cocculoides, wenye tunda la duara lenye ganda gumu kama ubao. Msada, Vangueria infausta. Mfuru, jamii ya Vitex. Na mtundwa, Ximenia caffra, wenye tunda jekundu chachu. Kwenye mabonde yenye joto, Pawaga, Mtera na uwanda wa Usangu, kuna mbuyu, mkwaju na mkunazi. Kando ya mito na mabondeni utakuta mzambarau mwitu, Syzygium guineense.

Matunda ya kuwakataza watoto bila mjadala: mtunguja, ambao wengine huuita ndulele, wenye matunda ya njano ya duara, mbono kaburi unaopandwa uzio, mnanaha wenye kitumba cha miiba, na mbarika. Mbegu za mbono kaburi zina ladha nzuri, na hapo ndipo hatari ilipo.

Kuna kanuni ya porini inayosema kwamba nyani akila na wewe ule. Isikudanganye. Nyani hutema asichotaka, hula kidogo cha kila kitu, na tumbo lake halifanani na lako. Mbuzi ndiye mbaya zaidi kumwiga, maana yeye hula hata majani ambayo kwa mtu ni sumu.

Kabla ya kuchuma kwa ajili ya biashara, pita ofisi ya kijiji. Msitu unaweza kuwa hifadhi ya kijiji au uko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na kila mmoja una utaratibu wake.

Hatua ya 2: Chuma kwa ukomavu

Tunda changa ndilo lenye tanini nyingi kuliko yote. Mti unalilinda tunda hadi mbegu ikomae, kisha unalegeza ulinzi ili mnyama ale na kusambaza mbegu. Kwa hiyo njia rahisi kabisa ya kupunguza vizuizi vya lishe, isiyogharimu kuni wala chumvi, ni kusubiri.

Makusu matamu ni yale yaliyoanguka yenyewe, au yanayoachia ukitikisa tawi kidogo. Ukiyachuma kwa fimbo yangali magumu, yatalainika nyumbani lakini utamu hautafika. Mbura vilevile huokotwa chini. Ila tunda la chini lina gharama yake: udongo, kinyesi cha wanyama na nzi. Okota asubuhi mapema, tupa lililopasuka, na usiwahi kurundika yaliyopondeka pamoja na mazima kwenye gunia moja. Makusu yakishaiva hayakai, siku chache tu yanaanza kuchacha.

Ubuyu na ukwaju ni habari nyingine. Huvunwa kiangazi vikiwa vimekauka mtini. Tikisa kibuyu: ukisikia mlio wa vipande ndani, kimekauka vizuri. Chenye ufa au tundu la mdudu kiache, maana unyevu umeshaingia na ukungu unafuata.

Hatua ya 3: Gawanya tunda sehemu tatu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kabla ya kuuliza kama tunda ni zuri au baya, litenganishe ganda, nyama na kokwa, kwa sababu kila sehemu ina kemia yake. Kwa matunda mengi ya kwetu mpangilio ni huu: nyama iliyoiva ina sukari, asidi na vitamini, ganda limebeba sehemu kubwa ya tanini, kokwa na mbegu ndizo ghala la fitati, na wakati mwingine sumu halisi.

Ganda la kusu ni mfano mzuri. Watoto hulibana kwa vidole, nyama ikatoka, ganda likatupwa, na wako sahihi. Kikundi kinachosaga makusu mazima kwa mashine ili kuokoa muda hupata juisi chungu inayokausha mdomo, halafu huongeza sukari kuficha. Sukari huficha ladha tu, tanini inabaki palepale.

Kwa kokwa, kuwa mkali. Kiini cha pichi na cha plamu, matunda tuliyonayo tele Njombe na Mufindi, kina amigdalini. Kikitafunwa au kikisagwa, kimeng'enya kilichomo hukutana nayo na sianidi huachiwa, sumu ileile ya muhogo mchungu. Kokwa ikimezwa nzima kwa bahati mbaya kwa kawaida hupita tu. Ikisagwa ndipo hatari huanza. Kokwa za mtundwa nazo si za kutafuna. Mafuta yake watu huyatumia kupaka ngozi, basi yaishie huko. Mbegu za matonga zitemwe zote: ukoo wa Strychnos ndio uliotoa strikinini, sumu inayopatikana kwenye jamaa yake wa Asia, Strychnos nux-vomica. Nyama ya tonga lililoiva ni salama na tamu. Tonga bichi liache.

Zipo kokwa zinazoliwa. Kiini cha mbura hukaangwa na kuliwa kama karanga. Mbegu za ubuyu hulowekwa usiku kucha, huchemshwa, maji yakamwagwa, kisha hukaangwa na kutwangwa kuwa kiungo cha mboga. Usiruke hatua hata moja hapo. Mbegu mbichi ya ubuyu ina vizuizi vya tripsini, yaani vinavyofunga kimeng'enya cha kusaga protini, na moto ndio unaovivunja. Ina fitati pia, na hizo hupungua zaidi kwa kuloweka na kuchachua kuliko kwa moto peke yake. Hata mafuta ya mbegu hizo, kama ni ya kula, yapite motoni vizuri, kwa sababu yana asidi za mafuta zisizotakiwa ambazo joto hupunguza.

Umoja wa Ulaya ulipouruhusu ubuyu kuingia sokoni kwake mwaka 2008, ulichoruhusu ni unga mkavu wa nyama ya tunda. Mbegu na majani havikuwemo kwenye ruhusa hiyo.

Hatua ya 4: Vipimo vitatu vya jikoni

Havitakupa namba, lakini vitakuonyesha tofauti kati ya kabla na baada ya kuandaa, na hiyo inatosha kwa kikundi kidogo. Kilichopimwa kimwagwe, kisinywewe.

Cha kwanza ni cha tanini. Weka misumari yenye kutu kwenye siki nyeupe, acha siku mbili tatu hadi siki igeuke rangi ya kahawia, chuja. Weka vijiko viwili vya juisi kwenye kikombe cheupe, dondoshea matone matano ya siki hiyo. Ikigeuka nyeusi, ya bluu iliyoiva au kijani cheusi, tanini zipo. Fanya hivyohivyo kwenye chai kavu ya rangi uwe na cha kulinganishia, na sisi wa Mufindi na Rungwe hatukosi majani. Juisi ya zambarau mwitu tayari ni nyeusi, kwa hiyo iongeze maji mengi kwanza, la sivyo hutaona kitu.

Cha pili ni cha kuthibitisha cha kwanza. Piga ute wa yai na maji kiasi, chuja, changanya na juisi. Mabonge meupe yakishuka chini, tanini zimenasa protini mbele ya macho yako. Hiyo ndiyo kazi inayofanyika tumboni.

Cha tatu ni cha saponini. Ponda kijiko kimoja cha nyama au mbegu, tia kwenye chupa yenye maji ya uvuguvugu hadi nusu, funga, tikisa kwa nguvu nusu dakika, iweke chini. Povu la juisi ya kawaida huzama haraka. Povu zito linalodumu dakika kumi na tano ni dalili ya saponini.

Hakuna kipimo cha jikoni cha sianidi ninachoweza kukushauri. Kwa kokwa usizozijua, jibu ni kutozila.

Hatua ya 5: Andaa tunda kwa tunda

Ubuyu. Vunja, toa nyuzi, twanga polepole ili unga uachane na mbegu bila kuzivunja, chekecha. Unga huu usiuchemshe. Vitamini C yake hutajwa kati ya miligramu 150 na 500 kwa gramu 100, wakati chungwa lina kama 50, na moto unaila. Chemsha maji badala ya ubuyu: yaache yapoe kabisa kwenye chombo kilichofunikwa, ndipo ukoroge unga, uchuje, unywe siku hiyohiyo. Wengi hukosea hapa kwa kukoroga ubuyu kwenye maji mabichi ya bomba au kisima wakiamini uchachu utaua kila kitu. Asidi ya ubuyu huwapunguza nguvu baadhi ya vijidudu, haisafishi maji. Ubuyu mwekundu wa pipi ni kitafunwa cha kufurahisha, lakini humo umenunua sukari na rangi.

Ukwaju. Loweka kwenye maji moto yaliyochemka, acha nusu saa, vuruga kwa mkono safi, chuja mbegu zote. Uchachu wake unatokana hasa na asidi ya tartariki, na ndiyo inayofanya bakteria wengi wasistawi ndani ya juisi. Ukinywa nyingi utaharisha. Anayetumia aspirini au ibuprofeni kila siku azungumze na daktari kwanza, kwa sababu ukwaju umeonekana kuongeza kiasi cha dawa hizo kinachoingia kwenye damu.

Makusu. Osha yakiwa mazima, bana utoe nyama, tupa ganda. Kanda nyama kwa maji kidogo yaliyochemshwa na kupoa, pitisha kwenye chekeche mbegu zibaki. Kwa jamu, pika nyama peke yake kwanza hadi ilainike, ndipo uongeze sukari na maji ya limau. Nyama iliyobaki ikichacha hutoa kilevi, na huko miombo watu wameitumia hivyo tangu zamani. Sitaeleza zaidi, ulanzi unatutosha.

Mbura na zambarau mwitu. Haya ndiyo matunda yanayokausha mdomo kuliko mengine, na ndiyo pia yanayosifiwa sana kuwa dawa ya tumbo. Sifa hiyo ina mantiki: tanini hukaza utando wa utumbo na kupunguza majimaji. Kwa mtu mzima mwenye tumbo la kuhara kidogo, sawa. Kwa mtoto anayehara, cha kwanza ni maji ya chumvichumvi ya ORS na zinki kutoka zahanati, na kumpa tunda la tanini wakati unampa zinki ni kumpa kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine. Kwa matumizi ya kawaida, vundika mbura siku kadhaa zilainike, zimenye, chukua nyama ya ungaunga, ipike kwenye uji na umalizie kwa maziwa. Protini ya maziwa hunasa tanini kwenye sufuria, zisije kunasa kwenye utumbo, na kalsiamu yake hushika oksalati. Kwa zambarau, kamua kwa mkono bila kusaga mbegu.

Matonga na masada. Vunja, kula nyama, tema mbegu. Usisage.

Furu. Zikiwa nyeusi kabisa na laini. Za kijani zina uchungu unaojieleza wenyewe.

Sasa njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu iko nyumbani kwetu tayari: togwa. Otesha ulezi: loweka usiku, tandaza kwenye gunia lenye unyevu siku mbili tatu, anika, saga. Pika uji wa mahindi, upoe hadi kidole kivumilie, koroga unga wa kimea hicho, funika vizuri, acha hadi kesho yake. Kuota kwa nafaka huamsha fitesi, kimeng'enya kinachokata fitati, na uchachukaji huongeza asidi inayokipa mazingira mazuri ya kazi. Ndani ya siku moja uchachu wa togwa hupanda hadi kiwango ambacho vijidudu vingi vya kuharisha havistawi. Utafiti uliofanyika nchini miaka ya 1990 kwa watoto waliolishwa uji uliochachuliwa ulikuta bakteria wa kuharisha wakipungua kwenye vinyesi vyao. Koroga unga wa ubuyu kwenye togwa wakati wa kunywa, usiutie mapema, na utakuwa na kinywaji chenye vitamini C na fitati chache. Tumia ulezi. Kimea cha mtama kina sianidi kwenye vijichipukizi na vijizizi, na lazima visuguliwe na kupepetwa kabisa baada ya kukauka.

Hatua ya 6: Kula na nini, na lini

Mlo wa kawaida wa kwetu ni ugali wa dona na maharage, vyenye chuma na fitati kwa pamoja. Tunda lenye vitamini C nyingi na tanini kidogo, kama ubuyu au masada yaliyoiva, likiliwa wakati wa mlo huo hukifungulia chuma njia. Tunda lenye tanini nyingi, mbura au zambarau, liliwe katikati ya milo, saa mbili kabla au baada.

Chai nayo inahusika. Kikombe cha chai ya rangi pamoja na mlo kinaweza kupunguza ufyonzaji wa chuma cha mimea kwa zaidi ya nusu. Mama mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu kwa chai, au kwa juisi ya zambarau, anavitupa. Ameze kwa maji, au kwa maji ya ubuyu.

Mwenye historia ya vijiwe vya figo au ugonjwa wa figo asianze kunywa juisi za matunda pori kila siku bila kuuliza hospitali. Mtoto chini ya miezi sita anyonye tu.

Mtu akila kokwa au tunda asilolijua na kuanza kizunguzungu, kutapika, kupumua kwa shida au kukakamaa, usimtapishe wala usimpe maziwa ukidhani yanakata sumu. Mwahishe hospitali, na beba mabaki ya tunda, mbegu na jani la mti. Jani linaweza kumsaidia daktari kuliko maelezo yako yote.

Hatua ya 7: Kuhifadhi juu milimani

Vitabu vingi vya usindikaji vimeandikwa kwa watu wa usawa wa bahari. Sisi tuko juu, na kadiri unavyopanda maji huchemka kwa joto dogo zaidi, kama nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Mbeya mjini, karibu mita 1,700, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Njombe huenda pungufu kidogo ya hapo, na Kitulo, zaidi ya mita 2,600, ni kama 91. Kwa hiyo chupa ambazo kitabu kinasema zichemshwe dakika 10, ongeza dakika moja kwa kila mita 300: Mbeya chemsha dakika 16, Kitulo dakika 19. Kikundi kinachoshangaa kwa nini juisi yake hufura chupani ingawa kilifuata kitabu, mara nyingi sababu ni hiyo.

Nunua karatasi za kupimia pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ikiwa ndogo uchachu ni mkali zaidi; hazina gharama kubwa. Juisi au jamu iwe chini ya 4.6. Juu ya hapo bakteria wa botulini anaweza kuota ndani ya chupa iliyofungwa, na sumu yake haina harufu. Ubuyu na ukwaju viko chini sana ya kiwango hicho vyenyewe. Makusu na matonga ni matamu zaidi, hivyo yaongezewe limau au ukwaju, kisha upime tena. Usiamini ulimi, sukari huudanganya.

Unga mkavu ukae kwenye chombo kisichopitisha hewa, mbali na jiko. Ukishikana mabonge au kunuka vumbi la ukungu, tupa wote. Kuuanika tena hakuondoi sumukuvu.

Ukifika hatua ya kuuza, viwango ni kazi ya TBS, shirika la viwango, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanafundisha usindikaji. Lebo isiandike kwamba juisi inatibu ugonjwa. Ukidai tiba umeshaingia upande wa TMDA, mamlaka ya dawa, na wa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, na huko utaulizwa ushahidi.

Hatua ya 8: Kusoma na kupima dai la "kuua bakteria"

Ukikutana na dai hilo, uliza mambo manne. Walipima sehemu gani? Tafiti nyingi za miti hii zilitumia gome, mizizi au majani, na matokeo yakahamishiwa kwenye tunda bila ruhusa. Walitoa kemikali kwa kitu gani? Ethanoli na methanoli huvuta vitu ambavyo maji ya nyumbani hayavivuti. Bakteria yupi? Wale wa kundi liitwalo Gramu hasi, kama E. koli wa utumbo, wana utando wa nje unaozuia vitu vingi kuingia, ndiyo maana kimiminika kinachomshinda Stafilokokasi, asiye na utando huo, mara nyingi hushindwa kwa E. koli. Na kiasi gani? Kwa kimiminika ghafi, watafiti wengi huanza kuvutiwa kikizuia bakteria kwa chini ya mikrogramu 100 kwa mililita. Kinachohitaji miligramu kadhaa ni dhaifu, hata kama duara kwenye sahani ya maabara, pale bakteria waliposhindwa kuota, linapendeza kwenye picha. Kumbuka pia kwamba asidi peke yake huua bakteria kwenye sahani. Ukipima juisi ya ukwaju bila kusawazisha pH, umepima uchachu.

Kwa mwanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, wa Mkwawa cha Iringa au chuo kingine chenye maabara ya mikrobiolojia, utaratibu wa kuanzia ni huu. Nyumbani usiufanye, kwa sababu utakuwa unafuga vijidudu vya magonjwa.

Chukua tawi lenye majani na tunda, likaushe na kulibana, na litambuliwe na mtaalamu wa mimea. Bila sampuli hiyo hakuna atakayejua ulipima nini. Tenganisha ganda, nyama na kokwa, kausha kila kimoja kivulini, saga, na weka lebo tatu. Loweka kila unga kwenye maji, na mwingine kwenye ethanoli ya asilimia 70, saa 24 hadi 48, chuja, kausha kimiminika, pima uzito wa kilichobaki. Andaa agari ya Mueller-Hinton. Sawazisha bakteria kwa kipimo cha McFarland 0.5, takriban seli milioni 150 kwa mililita, ukitumia aina zinazojulikana kama E. koli ATCC 25922 na Stafilokokasi ATCC 25923. Tandaza, weka visahani vya karatasi vya milimita 6 vilivyolowekwa kwa viwango tofauti, na kwenye kila sahani uwe na kisahani cha antibiotiki, kwa mfano siprofloksasini, na kingine cha kiyeyusho kitupu. Kisahani cha kiyeyusho kikitoa duara, matokeo yako yote ya sahani hiyo hayana maana. Acha kwenye nyuzi 35 hadi 37 kwa saa 18 hivi, pima kipenyo, rudia mara tatu. Baada ya hapo fanya kipimo cha kiwango cha chini cha kuzuia kwa myeyusho unaopunguzwa nusu kwa nusu, kwa sababu ukubwa wa duara unategemea pia jinsi kemikali inavyosambaa kwenye agari, na tanini ni molekuli kubwa zinazosambaa kwa shida.

Sampuli zilezile zipimwe pia tanini kwa Folin-Ciocalteu na oksalati kwa potasiamu pamanganeti, ili jedwali moja lionyeshe pande zote mbili kwa kila sehemu ya tunda. Pima tunda bichi, lililoiva na lililoandaliwa kwa njia wanayotumia watu wa kijijini. Sahani zote zipite kwenye autoklevu kwa nyuzi 121 kwa dakika 15 kabla ya kutupwa, na mabaki ya kokwa yasiachwe mahali kuku wanapofika.